Tensei Shitara Slime Datta Ken, juzuu ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nakala yangu ya juzuu hii ya manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, imeazimwa na watu wengi hadi jalada limeanza kuachia gundi. Karibu kila anayeirudisha huja na maswali, na maswali yenyewe ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa ili niwe naelekeza watu mahali pamoja. Sehemu mbili za mwanzo unaweza kuzisoma hata kama hujakigusa kitabu. Kuanzia sehemu ya tatu nafichua mambo, kwa hiyo kama hutaki kuharibiwa uhondo, ishia hapo kwanza, kasome, kisha urudi.

## Kabla hujakifungua

Kwa kifupi, hii ni hadithi ya nini?

Ni hadithi ya Satoru Mikami, Mjapani wa miaka 37 anayefanya kazi katika kampuni kubwa ya ujenzi jijini Tokyo. Anachomwa kisu barabarani, anakufa, kisha anazaliwa upya katika ulimwengu wa majini na madude ya kila aina. Huko hazaliwi mwanamfalme wala shujaa mwenye upanga. Anakuwa slaimu, kiumbe kinachohesabiwa kuwa dhaifu kuliko vyote. Juzuu ya kwanza inamchukua tangu siku anayokufa, inampitisha pangoni anakokutana na joka, inamfikisha kwenye kijiji cha magoblini (vijitu dhaifu vya ngano), halafu inamtuma safari ya kwenda kutafuta mafundi katika nchi ya madwafu (watu wafupi hodari wa ufundi).

Jina lote hilo refu lina maana gani?

Kwa maneno yetu: "Kile kisa cha kuzaliwa upya nikajikuta slaimu". Neno la mwisho, *ken*, ni "suala" au "kisa", kama mtu anavyosema "lile suala la fulani". Majina marefu yanayosimulia hadithi nzima yalizoeleka sana kwenye tovuti za riwaya za Kijapani. Huko msomaji hupitisha macho kwenye orodha ndefu ya majina kama anayetafuta nambari ya basi, na jina lisipojieleza papo hapo, hadithi inapitwa. Mashabiki hulifupisha kuwa TenSura. Tafsiri ya Kiingereza inauzwa kwa jina la *That Time I Got Reincarnated as a Slime*, na ndilo utakalolitafuta dukani.

Slaimu ni kitu gani hasa?

Fikiria tonge la mlenda lililopata uhai: laini, linateleza, halina mfupa wala jicho. Wazo la slaimu kama adui mwepesi kuliko wote Wajapani wengi walilipata kwenye mchezo wa video wa Dragon Quest, uliotolewa na kampuni ya Enix mwaka 1986. Slaimu wa mchezo ule alichorwa na Akira Toriyama: tone la buluu lenye tabasamu. Ndiye unayeanza kumpiga ukiwa bado na fimbo tu mkononi. Kwa hiyo msomaji wa Kijapani akiona neno "slaimu" jaladani, anaelewa papo hapo kwamba huyu mtu kaangukia ngazi ya mwisho kabisa. Sisi tusiokulia mchezo ule hatulipati pigo hilo moja kwa moja, ndiyo maana nalieleza mapema.

Isekai ni nini, na kuzaliwa upya kunatofautianaje na kuhamishwa?

*Isekai* ni "ulimwengu mwingine". Ni kundi zima la hadithi ambamo mtu wa dunia yetu anajikuta kwingine. Ndani yake kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni *ten'i*, kuhamishwa: unakwenda na mwili wako, jina lako na umri wako, kama msafiri aliyepotea. Ya pili ni *tensei*, kuzaliwa upya: mwili wa zamani umekwisha, unaanza na mwili mpya huku kumbukumbu zako zikibaki.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyehamishwa anaweza kutamani kurudi nyumbani, na mara nyingi hadithi yake yote ni safari ya kurudi. Aliyezaliwa upya hana pa kurudi, maana kaburi lake liko kule. Juzuu hii ni ya *tensei*, na nadhani ndiyo sababu Mikami hapotezi kurasa akilia kwamba anataka kurudi Tokyo. Anaanza kutafuta watu wa kuishi nao.

Nani kaandika na nani kachora?

Mwandishi anatumia jina la Fuse. Alianza kuichapisha hadithi mwaka 2013 kwenye tovuti ya Shōsetsuka ni Narō, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambako yeyote anaweza kupandisha riwaya yake bila malipo. Mwaka 2014 kampuni ya Micro Magazine ilianza kuitoa kama vitabu, na picha zake zikachorwa na Mitz Vah. Manga yenyewe imechorwa na Taiki Kawakami. Ilianza kutoka mwaka 2015 katika jarida la kila mwezi la Shōnen Sirius la kampuni ya Kodansha, na juzuu ya kwanza ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Ya Kiingereza ilifuata mwaka 2017.

Mbona kurasa zimegeuzwa?

Hazijageuzwa. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Aliyepita chuoni utotoni akashika juzuu amma mkononi hapati tabu: kitabu kinafunguliwa vilevile. Ndani ya ukurasa anza na fremu ya juu kulia, nenda kushoto, ndipo ushuke. Viputo vya maneno navyo ni hivyohivyo, wa kulia ndiye kaongea kwanza. Baada ya kurasa kumi macho yanazoea yenyewe.

## Nikisome au nisikisome?

Nimeshatazama anime (katuni yake ya televisheni). Kuna haja tena?

Ipo. Anime iliyotengenezwa na studio ya 8bit ilianza kuonyeshwa Oktoba 2018 na inafuata njia hiihii, kwa hiyo matukio hayatakushangaza. Kinachobadilika ni mwendo. Kwenye anime, pango linapita kwa kasi ya mtengenezaji. Kwenye kitabu unakaa mle kwa kadiri utakavyo, na kuna fremu za slaimu peke yake gizani ambazo mimi hurudi kuzitazama tena na tena. Nyuso za slaimu nazo, ingawa hana uso, Kawakami anazipata kwa kumbonyeza na kumnyoosha. Anapokasirika hupanda kama unga wa mandazi, na akiaibika hutandaa kama chapati.

Nianze na riwaya au manga?

Kwa mgeni wa aina hii ya hadithi, manga. Riwaya imejaa mahesabu ya uwezo, mtu akijieleza kichwani kurasa kwa kurasa, na juzuu yake ya kwanza inafika mbali zaidi ya manga ya kwanza. Manga imechuja. Lakini kama wewe ni mtu wa kutaka kujua kila mtambo unafanyaje kazi, riwaya itakukata kiu zaidi.

Inafaa watoto?

Kijana wa sekondari, ndiyo. Mtoto wa darasa la tatu, hapana, angalau si bila mtu mzima pembeni. Tukio la kuchomwa kisu lina damu, na linatokea mchana kweupe mbele ya watu, jambo linalolifanya litishe kuliko vita vya madude vinavyofuata. Kuna pia mizaha kuhusu mwanamume wa miaka 37 ambaye hajawahi kuwa na mpenzi. Hakuna picha chafu katika juzuu hii, ila mzazi atatakiwa kuwa na jibu mtoto akiuliza kwa nini huyu baba anahangaikia kompyuta yake wakati anakata roho. (Tazama swali la sauti na uwezo, sehemu ya tatu.)

Mimi ni mtu wa dini. Kuzaliwa upya si itikadi ya watu wengine?

Swali hili naliheshimu, maana limeulizwa na Waislamu na Wakristo wote wawili, na wameliuliza kwa dhati. Neno *tensei* lina mizizi katika fikra za Kibudha zilizoenea Japani, kwamba viumbe hufa na kuzaliwa tena katika mzunguko, na matendo ya mtu humfuata. Lakini kitabu hiki hakihubiri hayo. Mikami hazaliwi slaimu kwa sababu ya dhambi wala thawabu, na hakuna hukumu yoyote. Kuzaliwa upya kumetumika kama mlango wa kuingilia kwenye hadithi, kama vile ngano za bibi zinavyotumia sungura anayesema. Mimi nimelelewa katika nyumba ya kufunga na kuswali, na sijaona mahali ambapo kitabu kinanidai niamini kitu. Ukiona moyo wako hautulii, hakuna ubaya wa kukiacha.

## Ndani ya juzuu yenyewe

Stelingi anakufaje mwanzoni namna hiyo?

Tumezoea kwamba stelingi hafi. Hapa anakufa hata hujamzoea. Mikami amekutana na Tamura, mdogo wake kazini, aliyemletea mchumba wake, Sawatari, amtambulishe. Wamesimama barabarani wakiongea. Ghafla watu wanapiga kelele, mtu anakuja mbio na kisu, na Mikami anamsukuma Tamura pembeni. Kisu kinampata yeye.

Ninachokipenda ni kwamba tendo lile halikupambwa. Hakuna hotuba. Hakufikiria, alisukuma tu, kama unavyomvuta mtoto wa jirani bodaboda inapokatiza. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa na kijiwivu kidogo kumwona kijana kapata mchumba mzuri. Kwa kurasa chache hizo tumeshajua huyu ni mtu wa namna gani: mpweke, mwenye choyo kidogo, na asiyeweza kumwacha mwenzake aumie. Yote atakayoyafanya akiwa slaimu yameshapandwa pale.

Zile sauti anazosikia akifa ni nini? Na uwezo wake unatoka wapi?

Hili ndilo watu wengi hulipita bila kulielewa, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Mikami amelala chini, damu inatoka, na akili inazunguka kama ya mtu mwenye homa. Kila analolifikiria, kuna sauti baridi inajibu: "Imethibitishwa." Anawaza mgongo unaungua, sauti inasema amepata ukinzani dhidi ya joto. Anaona baridi inamwingia, anapewa ukinzani dhidi ya baridi. Anawaza maumivu, anapewa kinga ya maumivu. Anafikiri kwamba damu inamwisha, na kwamba mwili usio na damu usingekuwa na shida hii. Sauti inathibitisha: unatengenezwa mwili usiohitaji damu. Ndipo slaimu anapotokea. Hakuna aliyemwadhibu. Ameomba bila kujua kwamba anaomba.

Kisha anamkumbuka Tamura na kumpa wosia: aichukue kompyuta yake, aitumbukize kwenye maji ya bafu na umeme ukiwa umewaka, ili kila kilichomo kiteketee. Wosia wa mwisho wa mtu, na ni huo. Sauti nayo inampa ukinzani dhidi ya umeme. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili niliona pia kwamba yule mtu hakuwa na mke, mtoto wala mali ya kurithisha. Alikuwa na kompyuta tu.

Uwezo mkubwa ni miwili. Wa kwanza unaitwa Mwanahekima Mkuu, sauti ya kichwani inayomjibu maswali yake. Japani kuna mzaha kwamba mwanamume akifika miaka 30 bila kulala na mwanamke anageuka mchawi. Mikami, anayekaribia 40, anawaza kwamba basi yeye ameshakuwa mwanahekima, na sauti inathibitisha. Wa pili ni Mlaji. Anajutia kwamba hakuwahi kuwaendea wanawake kwa ujasiri na "kuwala", sauti inalichukua neno jinsi lilivyo na kumpa uwezo wa kumeza chochote. Mzaha huo unaharibika katika lugha nyingi, lakini Kiswahili cha mtaani kinaupokea bila kumwaga tone, maana "kula" kwetu nako kuna maana hizo mbili.

Mbona anakaa pangoni muda mrefu bila jambo kutokea?

Kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote ndilo linalotokea pale. Anaamka hana macho, hana masikio, hana pua. Ana ngozi tu. Anajikokota, anagusa kitu, anahisi majani, anayala kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Haoni chochote, ila sisi tunamwona: kidonge kidogo kinachosogea katika pango kubwa. Anahesabu siku kwa kumuuliza Mwanahekima Mkuu, ambaye humjibu kama mashine.

Majani yale na mawe yale anayoyameza kwa ajili ya kupoteza muda yatakuja kuwa mali baadaye. Fuse ni hodari wa jambo hili: anakuonyesha mtu asiye na kitu akiokotaokota, na huoni kwamba ghala linajaa.

Veldora ni joka la kutisha au la kuchekesha?

Ni joka lililokaa peke yake miaka 300. Ukilikumbuka hilo, mengine yote yanaeleweka.

Veldora ni Joka la Tufani, mmoja kati ya majoka wachache wakuu wa ulimwengu ule, aliyefungwa pangoni na shujaa mmoja kwa kifungo cha uchawi kisichofunguka. Slaimu haoni, kwa hiyo hamwogopi. Ni joka mwenyewe anayemfundisha namna ya kuhisi mazingira kwa nguvu za kichawi, kwa sharti kwamba akishaona asikimbie. Hivyo kitu cha kwanza kabisa anachokiona katika maisha yake mapya ni lile dude kubwa jeusi lenye meno. Anashtuka, na anabaki.

Halafu anamwambia: tuwe marafiki. Joka linafoka kwanza, eti slaimu mzima anathubutu, kisha linaanza kuona haya, linageuza uso, linakubali huku likijidai linafanya hisani. Kawakami amelichora kubwa kujaza ukurasa na wakati huohuo lenye aibu ya kijana aliyepewa barua. Mimi hapo ndipo nilipokubali kwamba nitasoma juzuu zote.

Kwa nini majina yanapewa uzito hivyo?

Ukiniuliza juzuu hii inahusu nini, nitakujibu inahusu kupewa jina. Katika ulimwengu ule madude ya kawaida hayana majina. Kumpa mmoja jina ni kumpa nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwa mtoaji.

Jina la kwanza linapatikana pangoni. Veldora anampa slaimu jina la Rimuru. Rimuru naye anatoa jina la ukoo watakalochangia wote wawili: Tempest, tufani. Waswahili tunalifahamu hili kuliko tunavyodhani. Mtu uliyefanana naye jina ni somo yako, na somo si mtu baki. Unamtania, unamgawia, na akipata msiba unakwenda. Zamani watu wawili wasio ndugu waliweza kuchanjiana udugu kwa damu. Wale wawili wamechanjiana kwa jina. Baada ya hapo Rimuru anammeza Veldora, kifungo na vyote, ili wautafute ufunguo wakiwa pamoja, mmoja akiwa nje na mwingine ndani.

Tukio la pili liko kwa magoblini, na ndilo lililonikalia kooni. Mzee wa kijiji alikuwa na mtoto wa kiume aliyewahi kupewa jina na jini mmoja aliyepita: Rigur. Alikufa akipigana na mbwa mwitu ili kukilinda kijiji. Rimuru anapoanza kuwagawia majina, anamwita mzee Rigurd, na mdogo wa marehemu anampa jina la kaka yake, Rigur. Hakuna maelezo marefu. Yule kijana na baba yake wanalia. Familia zetu nyingi zina mtoto aliyeitwa kwa jina la marehemu, na kila anapoitwa mezani kuna mtu anayeinamisha macho. Fremu mbili tatu zile zilinirudisha nyumbani.

Na jina lina gharama. Rimuru anagawa majina kijiji kizima kama anayegawa pipi, nguvu zinamwishia, anazimika siku tatu. Akiamka anawakuta magoblini wale waliokonda wamekuwa watu wengine kabisa, wenye miili na akili.

Vita na mbwa mwitu vilishindwaje kirahisi vile?

Wasiwasi wenyewe ulikuwa wa kweli: mbwa mwitu wapatao mia, na magoblini wanaoweza kushika silaha sitini tu, wanawake wakiwemo, wengi wao wana majeraha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Rimuru anawatibu kwa dawa itokanayo na yale majani ya pangoni, anawajengea uzio, anatega nyuzi alizozipata kwa kumla buibui, na anamwua kiongozi wa mbwa mwitu kwa wembe wa maji. Kiongozi akishakufa, kundi linainama.

Kinachofuata ndicho muhimu. Hawaui waliobaki. Anawaunganisha na magoblini wawili wawili, na mtoto wa yule aliyeuawa anampa jina la Ranga, lililojengwa kwa alama za Kijapani za "tufani" na "meno". Yaani amemwingiza katika lile jina la ukoo. Halafu anaweka sheria tatu: msiwashambulie binadamu, msipigane wenyewe kwa wenyewe, msidharau jamii nyingine. Ukubwa ni jalala, na slaimu wetu analibeba kabla hajajua amelibeba.

Gobta, Gobchi, Gobtsu, Gobte... majina gani hayo?

Ni mwandishi kuonyesha kwamba Rimuru amechoka kubuni. *Ta, chi, tsu, te* ni mstari mmoja wa silabi za Kijapani, kama ambavyo sisi tungewaita watoto Ba, Be, Bi, Bo. Mjapani akifika hapo anacheka hata asipoelezwa. Mshike huyo Gobta, usimsahau.

## Malalamiko ninayoyapokea

Ana nguvu kupita kiasi. Raha iko wapi?

Lalamiko la haki. Ukishajua ana kinga ya joto, baridi, umeme na maumivu, na kwamba anaweza kumeza adui yake akachukua uwezo wake, huna hofu tena juu ya maisha yake. Ukifungua juzuu hii ukitafuta pigano ambalo moyo unadunda hujui nani atatoka, utakatishwa tamaa.

Raha yangu mimi iko kwenye kujenga. Kijiji hakina mafundi, nguo ni matambara, nyumba ni vibanda vya kuegemezwa. Mtu aliyefanya kazi kampuni ya ujenzi anatazama vibanda vile na kichwa kinaanza kufanya kazi. Safari ya kwenda kwa madwafu ni ya kutafuta mafundi, kama vile mtu anavyotoka kijijini kwenda mjini kutafuta fundi wa kuezeka. Hadithi za ulimwengu mwingine zinazohangaikia nguo za kuvaa na mahali pa kulala ni chache, na hii inalifanya kwa upendo.

Wanawake wako wapi?

Ni wachache mno, na sina utetezi. Sawatari anaonekana kidogo na kutoweka. Magoblini wa kike wanapobadilika baada ya kupewa majina, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba wamekuwa warembo. Juzuu zinazofuata zina wanawake wenye nafasi kubwa, ila mwanamke akiishika hii ya kwanza na kuiweka chini, siwezi kumlaumu.

Maandishi ni mengi kwenye baadhi ya kurasa.

Kweli, hasa Mwanahekima Mkuu anapoeleza uwezo. Visanduku vile viruke mara ya kwanza. Hutapotea.

## Maswali ya pembeni

Yale maandishi ya mwisho yasiyo na picha nyingi ni ya kazi gani?

Ni hadithi fupi ya Fuse mwenyewe. Veldora, akiwa tumboni mwa Rimuru, anatazama yote yanayoendelea nje na kutoa maoni, kama daftari la mtazamaji. Usiiruke. Umeshamwona alivyokuwa mpweke pangoni (tazama swali lake hapo juu). Sasa ana kitu cha kutazama, na furaha yake inachekesha na kugusa.

Nimekuta vitabu vingine vya manga vyenye jina la slaimu hilihili. Kipi ndicho?

Hadithi hii ina matawi mengi: moja linasimulia maisha ya kila siku ya mji, jingine linamfuata msafiri anayeutembelea, na kadhalika. Yote yanadhani umeshaijua hadithi kuu. Tazama jina la mchoraji jaladani. Ukiona Taiki Kawakami na namba 1, umefika.

Juzuu inaishia njiani. Ninunue ya pili papo hapo?

Ukiweza, chukua mbili kwa pamoja. Hadithi ilitoka jaridani mwezi kwa mwezi, kwa hiyo kitabu kinakatika palipofikia hesabu ya kurasa, na mambo ya madwafu hayakamiliki humu. Nakala yangu ya pili ipo, ila kwa sasa iko kwa mtu.